Magnesiamu: Juhudi za kuipaka nikeli bila sumu

Miongoni mwa metali zinazotumika kuundia magari, ndege na vyombo vya elektroniki, magnesiamu ndiyo nyepesi kuliko zote. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 1.74, ilhali aluminiamu ina gramu 2.7 na chuma karibu gramu 7.9.

Wakaazi wa Afrika Mashariki wameitumia kwa miaka mingi, pengine bila kujua. Kasha la injini ya gari la Volkswagen aina ya Beetle, lililozoeleka sana katika barabara za Nairobi na Dar es Salaam, lilitengenezwa kwa aloi ya magnesiamu.

Lakini metali hii huliwa upesi na chumvi na unyevu. Njia mojawapo ya kuikinga ni kuipaka tabaka jembamba la metali nyingine, hasa nikeli. Hapo ndipo tatizo linapoanza.

Kwa nini ni vigumu

Magnesiamu iliyosafishwa ikikutana na hewa hufunikwa mara moja na utando wa oksidi, na nikeli haishiki juu ya utando huo. Aidha, tabaka la nikeli likiwa na tundu hata dogo, maji hupenya, na magnesiamu iliyo chini huliwa kwa kasi zaidi kuliko kama isingepakwa chochote. Kwa hiyo ubora wa kazi yote hutegemea matayarisho ya uso wa metali.

Kwa kawaida kifaa huondolewa mafuta kwa dawa ya alkali, huchovywa katika asidi ya kromiki, kisha katika asidi ya hidrofloriki. Baadaye hupakwa zinki, halafu shaba katika maji yenye sianidi, na mwishowe nikeli.

Hatua tatu kati ya hizo ni za hatari kubwa. Asidi ya kromiki ina kromi-sita, ambayo taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, WHO, imeiorodhesha kuwa kisababishi cha saratani. Asidi ya hidrofloriki hupenya ngozi na kuharibu uwiano wa kalisi mwilini, na inaweza kuua. Sianidi, kama ijulikanavyo, ni sumu kali.

Funzo la Stockton

Katika jimbo la New South Wales, ambalo mji wake mkuu ni Sydney, hofu ya kromi-sita si nadharia. Tarehe 8 Agosti 2011, kemikali hiyo ilivuja kutoka kiwanda cha amonia cha kampuni ya Orica mjini Newcastle, takriban kilomita 160 kaskazini mwa Sydney. Ilipeperushwa na upepo hadi mtaa wa Stockton, na wakaazi walichelewa kujulishwa.

Tukio hilo lilizusha hasira, na mwaka huo huo sheria za jimbo zilirekebishwa. Viwanda vilitakiwa kuripoti uchafuzi mara moja, badala ya kufanya hivyo pale itakapowezekana.

Mjini Sydney kwenyewe, kiwanda hakiruhusiwi kumwaga maji machafu katika mifereji bila kibali cha shirika la Sydney Water. Karakana inayotumia kromi au sianidi hulazimika kuyasafisha maji yake kwanza, na gharama hiyo huifanya itafute njia nyingine.

Njia mbadala

Badala ya asidi ya kromiki, hutumika asidi ya fosforiki au asidi za asili ya mimea. Asidi ya hidrofloriki hubadilishwa kwa chumvi za floridi, ingawa nazo zina sumu kiasi. Shaba nayo huweza kupakwa katika maji ya pairofosfeti pasipo sianidi.

Ugumu uliopo ni kwamba njia hizi hudai uangalifu zaidi wa joto, muda na usafi wa maji. Kosa dogo husababisha nikeli kububujika na kubanduka.

Watafiti wengine wameigeukia metali yenyewe. Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha New South Wales mjini Sydney, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Monash, kilitangaza aloi ya magnesiamu na lithiamu ambayo, ikiachwa hewani, hujifunika yenyewe kwa utando wa kaboneti unaoikinga. Uzito wake ni karibu nusu ya ule wa aluminiamu.

Tahadhari kwa mafundi

Katika karakana nyingi za Afrika Mashariki, vipuri vikuukuu hukatwa na kuchomelewa upya. Fundi anapaswa kukumbuka kwamba vumbi na vinyweleo vya magnesiamu hushika moto kwa urahisi. Moto huo hauzimwi kwa maji, kwani maji hutoa gesi ya hidrojeni na kuuchochea. Hufunikwa kwa mchanga mkavu kabisa.

Na kifaa chenye rangi ya manjano au ya dhahabu iliyofifia huenda kilipakwa dawa ya kromi zamani. Kukisugua kwa msasa bila kuziba pua na mdomo ni kuivuta sumu hiyo hadi mapafuni.