Chumba Kilichoachwa Juu: Madirisha ya Paani na Upanuzi wa Nyumba za Levittown, New York, 1947–1968

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya upanuzi wa orofa ya juu katika nyumba ndogo zilizojengwa Levittown, jimbo la New York, nchini Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nyumba hizo zilikabidhiwa zikiwa na vyumba viwili tu vya kulala na dari tupu chini ya paa. Katika miaka iliyofuata wakazi wengi waliinua sehemu za mapaa yao na kuweka madirisha ya paani ili dari iwe makazi. Hoja kuu ya insha ni kwamba dari ile haikuwa upungufu wa ujenzi peke yake: ilikuwa akiba ambayo familia ingeweza kuitumia kadiri kipato chake kilivyokua. Kwa kuwa masharti ya ubaguzi wa rangi yaliwazuia Wamarekani Weusi kuingia katika nyumba hizo, waliwekwa nje ya akiba hiyo pia.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Levittown umetawaliwa kwa muda mrefu na swali la usare. Wakosoaji wa katikati ya karne ya 20, akiwemo Lewis Mumford katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu historia ya miji, waliviona vitongoji vya aina hii kuwa safu za nyumba zilizofanana, zenye watu waliofanana. Herbert Gans (1967), aliyeishi katika kitongoji kingine cha kampuni hiyohiyo huko New Jersey, alipinga mtazamo huo kwa kuonyesha kwamba maisha ya wakazi yalikuwa na utofauti mwingi kuliko kuta za nyumba zao zilivyodokeza. Barbara Kelly (1993) alikwenda hatua zaidi: alizichunguza nyumba zenyewe na kubaini kwamba wakazi walizijenga upya kiasi kwamba zile zilizobaki katika umbo la awali zikawa chache.

Kazi hizo zimeweka msingi imara. Hata hivyo, ujenzi uliofanywa na wakazi huelezwa mara nyingi kama ushahidi wa ubunifu wao, ilhali swali la nani aliruhusiwa kuwa mkazi hujadiliwa mahali pengine, chini ya mada ya ubaguzi. Insha hii inayaunganisha maswali hayo mawili. Imeegemea maandishi yaliyochapishwa ya wanahistoria pamoja na sheria na maamuzi ya mahakama ya kipindi husika. Inaanzia mwaka 1947, familia za kwanza zilipohamia, na inakomea mwaka 1968, ilipopitishwa sheria ya taifa iliyokataza ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba.

2.0 Istilahi na Umbo la Nyumba

Katika insha hii, istilahi “dirisha la paani” inatumika kumaanisha dirisha linalosimama wima juu ya mteremko wa paa, likiwa na kuta zake fupi za ubavuni na kipaa chake lenyewe. Halipaswi kuchanganywa na kioo kinacholazwa bapa juu ya paa ili kuingiza mwanga. Kioo cha bapa huongeza nuru tu. Dirisha la paani huongeza nafasi, kwa sababu pale linapoinuka mtu huweza kusimama. Jina lake katika Kiingereza lina asili ya Kifaransa na linahusiana na kulala, jambo linaloashiria kazi yake ya zamani: kukifanya chumba kilicho chini ya paa kifae kwa malazi.

Maumbo mawili yanahusika zaidi hapa. La kwanza ni dirisha dogo lenye kipaa cha mgongo wa tembo, ambalo huchomoza peke yake, aghalabu upande wa mbele wa nyumba. La pili ni dirisha pana lenye kipaa cha mteremko mmoja, mfano wa kipenu, ambalo huweza kuenea karibu urefu wote wa nyumba. Umbo la kwanza huipendezesha sura ya nyumba lakini huongeza nafasi kidogo. Umbo la pili, ambalo kwa kawaida huwekwa upande wa nyuma, huigeuza nusu ya dari kuwa orofa kamili.

Nyumba za kwanza za Levittown zilifuata mtindo wa Cape Cod, ulioanza katika makoloni ya New England na kufufuliwa katika miaka ya 1920 na 1930, hasa kupitia michoro ya msanifu Royal Barry Wills wa Boston. Ni nyumba ya orofa moja na nusu. Paa lake lina mwinuko mkubwa, na chini yake hubaki uwazi ambao familia za zamani zilihifadhia vitu au kulaza watoto. Kwa hiyo, wazo la nyumba yenye nusu orofa ya ziada halikuzaliwa Levittown. Jambo jipya lilikuwa kulirudia wazo hilo katika maelfu ya nyumba kwa mpigo mmoja na kulifunga katika mfumo wa mikopo ya serikali.

3.0 Nyumba Iliyoachwa Bila Kumalizwa

Vita vilipomalizika mwaka 1945, Marekani ilikabiliwa na uhaba mkubwa wa nyumba. Mamilioni ya askari walirejea, wakaoa na kuanza familia, wakati ambapo ujenzi ulikuwa umedorora tangu mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Kampuni ya Levitt and Sons, ya Abraham Levitt na wanawe William na Alfred, ilinunua mashamba ya viazi katika kaunti ya Nassau, kisiwani Long Island. Mwezi Mei 1947 ilitangaza mpango wa kujenga nyumba 2,000 za kuwapangisha waliokuwa askari. Mwezi huohuo mamlaka ya mji wa Hempstead ilibadili kanuni zake ili kuruhusu nyumba zisizo na chumba cha chini ya ardhi, na hivyo kuiwezesha kampuni kumwaga zege moja kwa moja juu ya ardhi.

Familia za kwanza zilihamia Oktoba 1947 kwa kodi ya dola 60 kwa mwezi. Kazi ya ujenzi iligawanywa katika hatua nyingi, kila kikundi cha mafundi kikifanya hatua yake na kuhamia nyumba inayofuata. Katika kilele cha kazi, nyumba zaidi ya 30 zilikamilishwa kwa siku. Hadi mwaka 1951 zilikuwa zimejengwa 17,447.

Kila nyumba ya kwanza ilikuwa na upana wa futi 25 na urefu wa futi 30, yaani futi za mraba 750, sawa na takriban mita za mraba 70. Ilisimama juu ya kiwanja cha futi 60 kwa 100. Chini kulikuwa na sebule, jiko, bafu na vyumba viwili vya kulala. Ngazi ilipanda hadi darini, na hapo juu hapakuwa na kitu: makombamoyo yalionekana wazi, hakukuwa na kuta wala vyumba.

Uamuzi wa kuiacha dari hivyo ulikuwa na mantiki ya kibiashara. Kuta za ndani, umaliziaji na mabomba ya maji vingepandisha bei, ilhali mteja aliyelengwa alikuwa kijana mwenye mke na pengine mtoto mmoja. Lakini kampuni isingeweka ngazi kamili kama dari ingekuwa stoo tu. Ngazi ilikuwa ahadi. Ilimwambia mkazi kwamba nusu nyingine ya nyumba yake ilikuwapo tayari, ikimsubiri apate fedha na nguvu.

4.0 Kutoka Dari hadi Orofa

Katika kipindi cha upangaji, ahadi hiyo haikuwa na thamani kubwa, kwa kuwa mpangaji hana sababu ya kuwekeza katika paa la mwenye nyumba. Mabadiliko yalikuja pale kampuni ilipoanza kuuza badala ya kupangisha. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia waliokuwa askari iliiwezesha serikali kudhamini mikopo yao ya nyumba, na wengi wao walinunua bila kulipa kianzio. Mtindo mpya wa nyumba uliotolewa mwaka 1949 uliuzwa kwa dola 7,990. Familia zilijikuta zikilipa kila mwezi kiasi kilichokaribiana na kodi ya kawaida, huku zikiwa wamiliki.

Wakati huohuo watoto waliongezeka. Vyumba viwili havikutosha pale mtoto wa tatu alipozaliwa, au pale wavulana na wasichana walipofikia umri wa kutenganishwa. Kuhama kulimaanisha mkopo mpya na bei ya juu zaidi. Njia iliyobaki ilikuwa kupanda ngazi.

Hatua ya kwanza ilikuwa rahisi: kuweka dari ya ndani, kuta na sakafu, na kupata vyumba viwili kwenye ncha mbili za nyumba, kila kimoja kikipata mwanga kutoka dirisha la ukuta wa pembetatu. Lakini mteremko wa paa uliacha ukanda mwembamba tu wa katikati ambapo mtu mzima angeweza kusimama. Kwa sababu hiyo hatua ya pili, ya kuinua paa, ndiyo iliyoibadili nyumba.

Kazi hiyo ilihitaji ustadi. Makombamoyo ya paa la mgongo wa tembo husukuma kuta kwa nje, na boriti za sakafu ya dari huzizuia zisifunguke. Anayekata makombamoyo huivunja njia ambayo uzito wa paa huteremkia. Fundi alilazimika kuyapa nguvu yale yaliyobaki pembeni mwa tundu kwa kuyaongezea mbao, kusimamisha ukuta mpya upande wa nyuma, kisha kuegemeza makombamoyo mapya kuanzia mwamba wa paa hadi juu ya ukuta huo kwa mteremko mdogo. Palipokutana kipaa kipya na paa la zamani paliwekwa vipande vya bati ili maji yasipenye. Suala la joto nalo lilihitaji mpango wake, kwa kuwa nyumba ilipashwa joto na mabomba yaliyofukiwa ndani ya zege la sakafu ya chini.

Wengine waliajiri makandarasi. Wengine walifanya kazi jioni na mwisho wa wiki, wakisaidiana na majirani. Kufanana kwa nyumba, jambo lililowakera wakosoaji, hapa kuligeuka kuwa msaada: kipimo kilichofaa kwa jirani kilifaa kwa wote, na kosa lililofanywa katika nyumba moja likawa onyo kwa mtaa mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilikuwapo hata jarida, Thousand Lanes, lililojikita katika mawazo ya kuziboresha nyumba za Levitt peke yake. Aidha, tangu mwaka 1934 serikali ilikuwa ikitoa bima kwa mikopo ya ukarabati, hivyo mkono uleule uliosaidia kununua nyumba uliweza kusaidia kuipanua.

5.0 Waliozuiwa Kupanda Ngazi

Mikataba ya awali ya upangaji ilikataza nyumba kukaliwa na mtu yeyote asiye wa jamii ya Wazungu, isipokuwa watumishi wa ndani. Kifungu hiki hakikuwa matakwa ya kampuni peke yake. Mwongozo wa taasisi ya serikali iliyotoa bima za mikopo ulishauri waziwazi, katika miaka ya 1930, matumizi ya masharti ya aina hiyo ili kulinda thamani ya mitaa, kama Kenneth Jackson (1985) alivyoonyesha kwa kina. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti hayo. Kifungu kikaondolewa katika mikataba, lakini desturi ya kutowauzia Weusi iliendelea.

Uzito wa katazo hili huonekana vizuri zaidi likitazamwa pamoja na dari. Aliyeingia mwaka 1949 alinunua nyumba ya vyumba viwili kwa bei ya vyumba viwili. Miaka kumi baadaye, kwa mbao, misumari na jasho, alikuwa na nyumba ya vyumba vinne, pengine na bafu la pili. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilikuwa mali inayoweza kuuzwa, kuwekwa rehani ili kumsomesha mtoto, au kurithishwa. Askari Mweusi aliyepigana vita vilevile alizuiwa mara mbili: alikosa nyumba, na akakosa muongo mzima wa kuiongezea thamani kwa mikono yake. Hasara ya kwanza ilionekana siku alipokataliwa mlangoni. Ya pili haikuandikwa popote.

Kwamba ukuta huu ulilindwa kwa nguvu kulidhihirika katika Levittown nyingine ya kampuni hiyo, jimboni Pennsylvania. Mwezi Agosti 1957 William na Daisy Myers, familia ya kwanza ya Weusi kuhamia huko, walikabiliwa na makundi ya watu waliorusha mawe, na vitisho viliendelea kwa wiki kadhaa. Nyumba waliyoipata ilitoka kwa mwenyeji aliyekubali kuwauzia, si kwa kampuni.

Sheria ya mwaka 1968 ilifungua mlango kisheria. Hata hivyo, nyumba zilizouzwa baada ya hapo hazikuwa zile za mwaka 1949. Nyingi zilikuwa zimekwisha kuinuliwa mapaa, na bei ilijumuisha kila chumba kilichoongezwa. Mnunuzi mpya alilipia taslimu kile ambacho mtangulizi wake alikijenga polepole.

6.0 Hitimisho

Historia ya madirisha ya paani ya Levittown inaonyesha kwamba usare na utofauti havikupingana. Umbo moja lililorudiwa mara elfu ndilo lililowezesha kila familia kuubadili mwonekano wa nyumba yake kwa gharama iliyoweza kubebwa. Kwa maana hiyo Gans na Kelly wana haki dhidi ya wakosoaji wa mwanzo. Lakini sifa ya ubunifu wa wakazi haitoshi bila kutaja sharti lililouwezesha. Nyumba isiyomalizwa ni zawadi kwa aliye na muda, mkopo na hati ya kumiliki. Kwa aliyezuiwa kuingia, kila chumba kipya kilichoongezwa juu kilipanua pengo.

Kutokana na hayo, utafiti kuhusu tofauti za mali baina ya jamii nchini Marekani haupaswi kuishia kwenye bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Unapaswa kuhesabu pia kazi iliyofanyika katikati ya tarehe hizo mbili. Vibali vya ujenzi, kumbukumbu za kodi ya majengo na picha za familia ni vyanzo vinavyoweza kuonyesha, nyumba kwa nyumba, ni mwaka gani paa liliinuliwa na ni nani aliyekuwa chini yake.