Kabla ya Maploti, Kuna Watu Walihesabu Fensi

Wasee wa Kitengela, leo niwape stori ya mtaa wetu ambayo shuleni hatukuambiwa.

Hapa tunapoita nyumbani palikuwa ranchi ya pamoja ya Wamaasai. Mwaka 1988 ikagawanywa, kila familia ikapata kipande chake. Miaka michache baadaye EPZ ikaja Athi River, watu wakafuata kazi, bei ya shamba ikapanda. Mtu akiuza ekari mbili, mnunuzi anaweka fensi. Fensi moja haisumbui mtu. Zikifika mia, zinafunga njia ya ng'ombe, na pia ya nyumbu na pundamilia waliokuwa wakitoka Nairobi National Park kwenda kusini mvua ikinyesha.

Wenye mashamba walikuwa na chama chao, Kitengela Ilparakuo Landowners Association. Lakini ukiingia ofisi ya serikali na malalamiko matupu, unaambiwa urudi kesho.

Kuanzia 2003, watafiti wa mifugo wa ILRI pale Kabete wakafanya na jamii mradi ulioitwa Reto-o-Reto. Kwa Kimaa ni kama kusema nisaidie nikusaidie, na halikuwa jina la kufurahisha wafadhili tu. Watu wa jamii waliajiriwa kuwa kiungo kati ya wafugaji na watafiti. Wakazi wenyewe wakafundishwa GPS, wakatembea juani wakipima fensi moja baada ya nyingine. Mtafiti alijua kuchora ramani. Mfugaji alijua fensi hii ni ya nani na imefunga njia gani. Bila huyo wa pili, ramani ni mistari tu.

Ramani hizo zikafika mezani kwa baraza la Olkejuado, zikasaidia kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Sasa chama kiliongea na ushahidi kilioukusanya chenyewe.

Ukweli usemwe, hawakushinda vita yote. Nyumbu wamepungua vibaya sana, na fensi ziliendelea kuota. Sisi wa ploti za hamsini kwa mia ndio wenye hizo fensi. Kwetu pia, sijitoi.

Lakini linganisha na semina zetu za "kujengewa uwezo". Nimehudhuria: chai, mandazi, cheti, nauli ya kurudi. Kikundi chetu kilitoka huko na mpango mkakati wa kurasa arobaini ambao hakuna mtu amewahi kuusoma, hata mwenyekiti. Na bado hatujui takataka za mtaa wetu zinaishia wapi!

Kwa hivyo Jumamosi tunafuata mto, simu mkononi, tukiweka alama kila mahali taka zinamwagwa. Kuna mzee ambaye ng'ombe wake hunywa maji hayo, amekubali kututembeza. Amesema saa kumi na mbili asubuhi, na tukichelewa anaenda zake na mifugo.