Wanawake Waliojenga Ujirani Mtandaoni

Kuna swali linaloulizwa mara nyingi katika sharika zetu: je, watu wanaokutana mtandaoni tu, wasioshikana mikono wala kuketi benchi moja, wanaweza kuitwa jumuiya? Wengi wetu tuna jibu tayari kabla swali halijamalizika. Lakini swali hili si jipya. Lina historia ya zaidi ya miaka 30, na katika historia hiyo wapo wanawake walioteseka, wakadai haki, wakajenga. Inatupasa tuwasikilize kabla hatujajibu.

Tunaposema dunia za mtandaoni hatuna maana ya kutumiana ujumbe wa simu tu. Ni mahali palipotengenezwa ndani ya kompyuta, penye nyumba, njia na viwanja. Mtu akiwa nyumbani kwake huingia humo kwa jina alilojichagulia, akiwa na mwili wa kuigiza uitwao avata, akazungumza na watu walioingia kutoka miji na nchi nyingine. Mojawapo ya za kwanza ni Habitat, iliyoanza kujaribiwa na kampuni ya Lucasfilm huko Marekani mwaka 1986. Haukupita muda mrefu, wizi na mauaji ya kuigiza vikaingia. Mchezaji mmoja, ambaye katika maisha yake ya kila siku alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki, alianzisha humo kanisa ambalo wafuasi wake hawakuruhusiwa kubeba silaha, kuiba wala kufanya ukatili. Ndivyo tulivyo wanadamu. Tukihamia mahali papya, dhambi huhama nasi, na kiu ya amani vilevile.

Mwaka 1990 Pavel Curtis, mtafiti wa kampuni ya Xerox huko California, alianzisha dunia nyingine iliyoitwa LambdaMOO. Haikuwa na picha hata moja. Kila kitu kilikuwa maneno: nyumba ilielezwa kwa maneno, na mtu alitenda kwa kuandika alichotenda. Usiku mmoja wa Machi 1993, mshiriki aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu iliyowafanya wengine waonekane wanatenda mambo ya aibu wasiyoyataka, sebuleni, mbele ya watu. Waliolengwa walidhalilishwa kijinsia hadharani na hawakuweza kumzuia. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyejulikana humo kwa jina la legba.

Kesho yake aliwaandikia wakazi wote, na baadaye akataka mhusika yule aondolewe kabisa. Mwandishi Julian Dibbell, aliyesimulia mkasa huo katika gazeti la The Village Voice Desemba 1993, anaeleza kwamba mama huyo alikuwa akitokwa na machozi alipokuwa akiandika. Ndipo mjadala ukawaka. Wapo waliosema yale yalikuwa maneno tu. Wengine walisema angetumia amri ya kompyuta ya kumnyamazisha asimsikie tena. Hoja hiyo ina kasoro tunayoifahamu vizuri hata sisi: aliyetukanwa anaambiwa azibe masikio, huku sebule nzima ikiendelea kusikia anavyotukanwa.

Yeye na waliosimama naye hawakunyamaza. Wakazi wapatao 30 walikutana kujadiliana, wakaachana bila uamuzi. Baadaye msimamizi mmoja alimwondoa Mr. Bungle kwa uamuzi wake mwenyewe. Curtis aliporudi kutoka safari na kuona yaliyotokea, aliweka utaratibu wa wakazi kuleta maombi na kupiga kura juu ya mambo yanayowahusu wote. Mahali palipokuwa pa kupitishia muda pakawa na sheria na sauti ya watu, na chanzo chake ni mwanamke aliyekataa kuambiwa kwamba hakuumizwa. Tunamkumbuka yule mjane katika Luka 18, aliyemwendea kadhi tena na tena mpaka akapata haki yake.

Miaka 10 baadaye, mwaka 2003, kampuni ya Linden Lab ilifungua dunia iliyoitwa Second Life, nayo ilikuwa na picha, ardhi na visiwa. Hapa tunakutana na mama mwingine, Alice Krueger wa Colorado, anayeishi na ugonjwa unaoshambulia mishipa ya fahamu na kudhoofisha mwili. Yeye na wenzake wenye ulemavu walianza kujenga humo mahali pa kukutana, na kazi hiyo ikawa shirika lisilo la faida liitwalo Virtual Ability. Mgeni mwenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu hupokewa, akafundishwa polepole namna ya kuingia na kutembea humo, kisha akaunganishwa na watu wanaoielewa hali yake. Waliofungiwa ndani na ugonjwa walipata majirani. Hawakuishia kufarijiana. Wameandaa humo mikutano ya kutetea haki za watu wenye ulemavu, na wanaozungumza ni wenye ulemavu wenyewe. Linden Lab ilipotoa tuzo yake ya kwanza mwaka 2009, Virtual Ability ilikuwa mmoja wa washindi wawili.

Je, huo ni ushirika wa kweli? Luther, katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, alipotaja njia ambazo Injili hutufikia, hakuishia kwenye mahubiri, Ubatizo, Meza ya Bwana na ondoleo la dhambi. Aliongeza mazungumzo ya ndugu na kufarijiana kwao. Paulo naye aliwaandikia Wakolosai, watu wengi ambao hawakuwahi kumwona uso, akawaambia kwamba yu pamoja nao ingawa mwili wake uko mbali. Neno lina uwezo wa kuvuka umbali. Kwa sababu hiyohiyo neno laweza kujeruhi kutoka mbali, kama legba alivyojeruhiwa.

Hatusemi kwamba skrini yatosha. Avata haiwezi kumwogesha mgonjwa wala kumpikia uji, na mkate na divai hupokelewa kwa mdomo. Lakini tusidharau palipo na mtu anayebeba mzigo wa mwenzake.

Historia hii inatudai mambo mawili tunayoyaweza. La kwanza, mwanakwaya au mama wa kikundi akituambia ametukanwa au kudhalilishwa katika kundi la WhatsApp la usharika, tusimjibu, "Zima simu, hayo ni ya mtandaoni." Tumsikilize, tumwite aliyemkosea, tuamue kama ambavyo tungeamua jambo lililotokea mlangoni pa kanisa. La pili, wapo kina mama na kina baba walio vitandani miaka na miaka, ambao ibada huwafikia kwa simu tu. Wao si watazamaji wetu. Ni washarika. Tuwaulize wana neno gani kwetu, tuwape nafasi ya kuomba na kushuhudia wakiwa huko waliko, kisha mzee wa kanisa na mchungaji wabishe hodi kwao na Meza ya Bwana.