Mto Ruvuma na Amani ya Majirani: Mambo Yaliyojaribiwa Negomano, 1886–2021

Makala hii yakusudia kuchunguza swali ambalo wanafunzi wa theolojia huliachia wanasiasa upesi mno: mataifa mawili jirani yaliyotazamana kwa uhasama hufikaje kwenye amani idumuyo? Mara nyingi mifano huchukuliwa mbali, hasa Ufaransa na Ujerumani baada ya mwaka 1945. Walakini tunao mfano kusini mwa nchi yetu. Msafiri atokaye Mkomaindo, penye hospitali ya Masasi, akishika barabara ya Mangaka hufika Mtambaswala, ukingoni mwa Ruvuma. Ng'ambo ni Negomano, nchi ya Msumbiji, karibu na mahali ambapo mto Lugenda huingia Ruvuma. Karibu kila njia ya kutafuta usalama baina ya mataifa imejaribiwa kandokando ya maji hayo, na matokeo yake yaweza kupimwa.

Njia ya kwanza ilikuwa ya kuchora mstari. Tarehe 30 Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Ruvuma uwe mpaka wa milki zao. Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao walikaa pande zote mbili za mto, hawakuulizwa. Waliotia sahihi hawakuwa majirani hata kidogo. Walikuwa wapangaji wawili wakigawana nyumba ya watu. Haishangazi kwamba miaka minane baadaye, 1894, Wajerumani walivuka mstari wao wenyewe na kuitwaa Kionga, kusini mwa mlango wa mto. Mkataba ule ulizuia ugomvi kwa muda tu, kadiri ulivyowafaa wenye nguvu.

Njia ya pili ilikuwa silaha. Ujerumani ilitangaza vita juu ya Ureno Machi 1916, na mwezi uliofuata Wareno wakairudisha Kionga mikononi mwao. Septemba mwaka huo Jenerali Ferreira Gil alivusha majeshi yake Ruvuma, na Oktoba akaiteka boma ya Newala. Wajerumani hawakuhitaji kuivunja ngome. Waliwanyang'anya Wareno maji. Kila mwanamke wa uwanda wa Makonde angaliweza kumweleza yule jenerali kwamba Newala hunywa maji ya bondeni, na kwamba aliyeshika njia ya kushukia ameshika mji. Hakuna aliyemwuliza. Kabla ya Novemba kwisha Wareno walikuwa wamekimbia. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alivuka mto akaishambulia kambi ya Wareno pale pale Negomano. Meja Teixeira Pinto aliuawa, na Wajerumani wakajipatia bunduki na risasi za kuendeleza vita mwaka mzima zaidi. Gharama ililipwa na wapagazi waliotekwa vijijini na kufa njiani, na kwa wenyeji ambao chakula chao kililiwa na majeshi ya kila upande. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliipa Ureno Kionga. Ndiyo faida yote iliyoandikwa.

Njia ya tatu yataka tuikalie zaidi, maana hapo ndipo historia inapomtatiza mhubiri. Wamakonde wengi kutoka kusini walikuwa wamevuka kuja Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na kati yao vilizaliwa vyama vya kudai uhuru. Baada ya mauaji ya Mueda ya 16 Juni 1960, na hasa vita vilipoanza Septemba 1964, watu walivuka kwa maelfu. Frelimo ilikuwa imeundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na majeruhi wake walitibiwa Mtwara. Tanzania ililipa. Mabomu ya kutegwa ardhini yaliua raia katika vijiji vya mpakani, na Eduardo Mondlane, mtoto wa misheni ya Waswisi, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969.

Hatuna haki ya kuisimulia sehemu hii kana kwamba ilikuwa huduma ya huruma peke yake. Ilikuwa vita, na Kanisa lililohubiri amani kaskazini mwa mto lilijua hivyo. Hata hivyo lazima tutofautishe mambo mawili. Bunduki ziliuondoa utawala wa Wareno. Hazikutosha kuufanya ujirani. Ujirani ulifanywa na shamba alilopewa mkimbizi. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoundwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Kilutheri Duniani, lilishirikiana na serikali na Umoja wa Mataifa kuwatunza watu hao katika makazi kama ya Rutamba, mkoani Lindi, mbali na mto. Walilima, wakasomesha watoto, na baada ya uhuru wa 25 Juni 1975 wengi wakarudi kwao. Taifa jipya lililozaliwa kusini lilikuwa na viongozi na wakulima waliokula ugali wa upande huu. Sioni sababu nyingine yenye uzito kama hiyo ya kueleza kwa nini mpaka mrefu namna ile, uliochorwa na wageni, haukuzaa vita kati ya Tanzania na Msumbiji, ilhali mipaka mingine ya Afrika ilizaa.

Mkataba wa mpaka uliotiwa sahihi Maputo tarehe 28 Desemba 1988 ulikuja baada ya ujirani huo, si kabla yake. Ndivyo ilivyo na Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa na Marais Kikwete na Guebuza tarehe 12 Mei 2010, kati ya Mtambaswala na Negomano.

Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, na vita vya Cabo Delgado vikaanza. Oktoba 2020 walivuka Ruvuma na kuua Watanzania katika kijiji cha Kitaya. Hofu ya serikali yetu ilikuwa na msingi, wala si haki kwa mwalimu wa chuo kuibeza akiwa mbali. Lakini jibu lililofuata lilikuwa la namna nyingine kabisa na lile la 1964. Baada ya shambulio la Palma la Machi 2021 watu walikimbilia kaskazini, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likatoa taarifa kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka huo zaidi ya 9,000 walirudishwa kwa nguvu Msumbiji. Walipitishwa Negomano.

Wanafunzi wangu hupenda kuitumia Hesabu 20, ambapo Edomu anamkatalia Israeli njia. Kwa jambo hili nawaelekeza kwa Obadia, aya ya 14. Shtaka la nabii hapo si kwamba Edomu alianzisha vita. Ni kwamba alisimama penye njia panda, akawazuia waliookoka, akawatia mikononi mwa waliokuwa wakiwafuatia. Tena kitabu chote chasimama juu ya neno ndugu: Edomu ashtakiwa kwa sababu ni jirani wa damu. Mmakonde wa Newala aliyemwona Mmakonde wa Mueda akipandishwa gari la kurudishwa hahitaji ufafanuzi wa Kiebrania.

Yapo mapendekezo ya kuufunga mto, na yapo ya kutegemea majeshi. Jeshi la nchi za kusini mwa Afrika lililoingia Cabo Delgado Julai 2021 liliondoka mwaka 2024, na vita havikwisha. Wale wanaosema kwamba kupokea wakimbizi ni kuwakaribisha wauaji wana hoja, lakini hoja hiyo ilikuwapo hata 1964, wakati wapelelezi wa Ureno walipoweza kuvuka pamoja na wakimbizi. Serikali ya wakati ule iliwaandikisha, ikawachunguza, ikawahamishia mbali na mpaka, na Kanisa likapewa kazi ya kuwatunza. Mchungaji wa kusini atakayeitwa na mkuu wa wilaya kushauriana juu ya watu waliovuka usiku anaweza kumtajia Rutamba, na kumwuliza kuna kizuizi gani cha kufanya vile tena.