Fadhila na Ndugu Zake

Katekista wa kigango kimoja upande wa Mugumu, wilayani Serengeti, aliandika FADHILA ubaoni, akapiga mstari chini yake, kisha akawauliza watoto wa kipaimara nani anajua maana yake. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa binti wa darasa la sita. "Ni kitu anachotoa mfadhili, mwalimu. Kama kile kisima." Hakuna aliyecheka. Kisima chenyewe kilionekana dirishani, na kibao cha mfadhili kimepigiliwa kando ya pampu. Nilikuwa benchi la nyuma, na kwa kweli sikuona alipokosea. Istilahi ndiyo iliyomwacha njia panda.

Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuzidi, kubaki na ziada. Mzizi huo umetuzalia ukoo mzima: afadhali, tafadhali, fadhili, mfadhili, ufadhili. Kwa Mwarabu fadhila ni ubora wa tabia, kile kinachomfanya mtu azidi. Lilipozoeana na Waswahili likageuza uso: likawa wema ninaokutendea wewe, nawe ukabaki na deni. Ndiyo maana tunamsema mtu kwamba hajui kulipa fadhila. Wakatoliki walipohitaji neno la kubeba virtus ya Kilatini, wakalichukua fadhila kwa maana ile ya Kiarabu. Waumini wanalisikia kwa maana ya kisima.

Wengine walipita njia nyingine. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, katika 2 Petro 1:5, mahali penye neno la Kigiriki arete, ilisema wema basi. Ni neno safi, lakini pana kupita kiasi. Hata mtu asiyeweza kumfukuza kuku anayekula mtama wake huitwa mwema. Wapo wanaopendelea adili, na Shaaban Robert alimpa shujaa wake jina hilo katika Adili na Nduguze. Tatizo ni kwamba adili asili yake ni haki, ambayo ni fadhila moja tu kati ya nyingi, na wingi wake, maadili, siku hizi hutajwa zaidi pale vijana wanapokaripiwa kwa mavazi.

Mimi nabaki na fadhila, ila lazima ifafanuliwe kila inapotumika. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliieleza kama mazoea yaliyokomaa ya kutenda mema. Mkulima wa Serengeti analijua jambo hili kwa maksai. Msimu wa kwanza mtoto hutangulia mbele akiwavuta kwa kamba, baba yuko nyuma ameshika plau, na mstari unakwenda kama nyoka. Siku inafika mtoto anabaki shuleni, na maksai wanakwenda sawa wenyewe. Hakuna aliyewapa kitu siku hiyo. Kimekaa ndani yao.

Kanisa linataja fadhila nne kuu za kiutu: busara, haki, nguvu na kiasi. Hiyo ya tatu ndiyo inayosumbua. Mwalimu akisema "fadhila ya nguvu", wavulana hubinyana, maana vibao vya dawa za nguvu za kiume wamevisoma tangu stendi. Wasamehewe: virtus yenyewe imetokana na vir, mwanamume, na kwa Warumi wa kale ilikuwa kwanza ushujaa wa dume vitani.

Warumi hao wangeelewana haraka na Wakurya wa Tarime. Katika esaro, yaani tohara, kijana husimama mbele ya ngariba, na uso wake haupaswi kujikunja. Alikuwa omorisia, sasa ni mwanamume. Akitikisika, habari hiyo itamtangulia kila aendako. Wasichana nao wamepitishwa kwenye kisu, na asiyekeketwa huitwa omosagane, neno linalotamkwa kama mtu anayetema mate. Kipimo cha ujasiri ni dakika moja, mbele ya macho ya watu.

Akwino alisema tendo kuu la nguvu ni kustahimili kuliko kushambulia, na hapo mzee wa mila angetikisa kichwa kukubali. Lakini Ambrosi wa Milano, karne 9 kabla yake, alikwisha kuonya kwamba nguvu isiyo na haki ni chombo cha uovu. Basi mtazame binti wa Tarime mwezi Desemba, katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, wazee wakishautangaza msimu wa esaro. Sheria ya 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, ila sheria hailali nyumbani kwao. Anatoka usiku, anakwenda kituo cha Kikatoliki cha Masanga, au, akiwa wa upande wa Serengeti, Nyumba Salama ya Mugumu iliyofunguliwa 2014. Kwa kipimo cha dakika, huyu ni mwoga aliyekimbia kisu. Lakini kisu kingekwisha asubuhi ileile. Jina la omosagane atalibeba kisimani, sokoni, kwenye harusi za wenzake, labda hadi awe bibi. Huo ndio ustahimilivu aliouzungumzia Akwino, na kwa ajili yake ningeiita fadhila hii uthabiti, nguvu nikawaachia wenye vibao.

Mkoa wa Mara una sababu nyingine ya kulijali neno hili. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, kuwa mwenye heri, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Hatua inayofuata inadai ithibitike kwamba aliishi "fadhila za kishujaa". Kwa sikio la Kikurya hilo ni jambo la vita. Papa Benedikto XIV, aliyeandika kwa kina juu ya kesi hizi, alimaanisha kitu kingine: mtu anayetenda mema upesi, kwa wepesi na kwa furaha, bila kuuma meno. Kwa hiyo uhuru wa Desemba 1961 peke yake hautoshi. Zinapimwa siku za kawaida, namna alivyosali, alivyokula, alivyowasikiliza watu. Akivuka hapo atapewa cheo cha Mheshimiwa, ambacho kwetu kila mbunge anacho tayari.

Turudi darasani. "Kwa hiyo kisima si fadhila, mwalimu?" binti aliuliza.

"Kisima ni fadhili. Fadhila mtafute mama mwenye ufunguo. Anafungua pampu kila alfajiri, na ndoo ya mwanawe inakaa kwenye foleni kama zenu."

"Lakini jana alichelewa."

Katekista akakubali kwamba jana alichelewa, akafuta ubao, akaandika BUSARA.