Mpira Unaoisimamisha 504

Peugeot 504 ya marehemu baba ilinitisha tukishuka mteremko: pedeli ya breki ilizama hadi chini, na mama yumo ndani. Tukasimama kwa handibreki. Mama akasema tu, "Gari hili zamani lilikuwa linasimama."

Jumamosi nikalipandisha jeki, nikafungua kalipa za mbele. Pistoni moja ilikuwa imeliwa na kutu, mpira wake umekakamaa, mafuta ya breki yanavuja.

Breki za diski si jambo la jana. Mwingereza Frederick Lanchester alizipatia hataza mwaka 1902, lakini zilikaa miaka mingi bila kushika soko. Mwaka 1953 Jaguar ilishinda mbio za Le Mans ikiwa nazo, dunia ikaamka. 504 ilipotoka mwaka 1968, ilikuwa nazo mbele. Ndiyo gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, kwenye vumbi na matope yetu.

Ila historia hiyo yote, bwana, inashikwa na kipete cha mpira. Ukikanyaga, kinazuia mafuta na kujipinda pamoja na pistoni. Ukiachia, kinajinyoosha na kuirudisha. Ndiyo maana sikukiosha kwa petroli, maana petroli huvimbisha mpira.

Nikaweka pistoni mpya na mipira mipya. Ikabaki kutoa upepo. Mama akaketi kwenye usukani.

"Kanyaga, mama. Shikilia hapo hapo."

Safari hii pedeli haikuzama.