Kuzika Kuna Likizo, Kuuguza Hakuna: Sheria ya Kazi na Wachimbaji wa Runzewe

Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mfanyakazi wa Tanzania siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki, au akifiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Ugonjwa umetajwa kwa mtoto peke yake. Mama mzazi akilazwa, kifungu kiko kimya. Akifariki, ndipo kinazungumza. Mume ambaye mkewe amepasuliwa hana hata siku moja ya kudai hapo. Tena siku hizo 4 ni za mzunguko mzima wa likizo, yaani miezi 36, hata misiba ikiandamana. Anayetaka zaidi huongezewa bila malipo, mwajiri akipenda.

Hapo haki inageuka hisani. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yalifanya jema kubwa kwa mama aliyejifungua mtoto njiti, kwa kumwongezea muda juu ya siku 84 za likizo ya uzazi, na yakaingiza pia likizo ya dharura isiyo na malipo. Lakini hiyo nayo inapita kwenye ridhaa ya mwajiri. Naona jambo hili halikubaliki. Likizo ambayo haimgharimu mwajiri mshahara haina sababu ya kusubiri huruma yake.

Uzito wa pengo hili unaonekana vizuri zaidi machimboni kuliko ofisini. Runzewe iko Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga hadi mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Katika ukanda huu wa dhahabu, mwenye leseni ana eneo; mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anatoa chakula, kamba na magogo ya kuzuia kuta; wachimbaji wanashuka kwa zamu na kulipwa mawe. Viroba vya mawe vinagawanywa, wakubwa wanachukua fungu lao, wachimbaji wanagawana kinachobaki na kukipeleka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Kabla ya siku hiyo ya mgawo, huenda watu wamepasua mwamba mtupu kwa miezi, ujira wao ukiwa ugali na matumaini.

Sasa mmoja wao apigiwe simu kwamba baba amepewa rufaa ya Bugando, Mwanza. Katika hospitali zetu ndugu ndiye anayeleta uji, anayemgeuza mgonjwa kitandani na kukimbilia dawa isiyopatikana dirishani. Kijana akienda wiki mbili, mwingine anaingia kwenye zamu yake. Duara likitema dhahabu wakati hayupo, mgawo umempita, ingawa mwamba mtupu aliupasua yeye.

Wapo wanaosema likizo bila malipo ni haki ya wenye akiba, kwamba maskini hawezi kuitumia. Hoja hii ina nguvu kwa mwenye mshahara wa mwezi. Kwa mchimbaji, anachopoteza kwanza ni nafasi yake na jasho ambalo tayari limekwisha kumwagika. Ukimlindia hivyo viwili, umemlinda hata bila kumlipa shilingi ya siku alizokuwa wodini.

Wengine watasema mchimbaji ni mbia, si mwajiriwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinawajibu. Mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anapewa vifaa, au kipato chake kinamtegemea anayemtumikisha. Mchimbaji anayeshuka kwa kamba ya mwenye duara, kwa zamu aliyopangiwa, anagusa karibu yote.

Marekani ilipitisha sheria yake ya likizo ya familia na matibabu mwaka 1993: wiki 12 bila malipo kwa mwaka, na kumuuguza mzazi au mwenzi kumo. Hilo ni la kuiga. La kuacha ni sharti kwamba mwajiri binafsi awe na wafanyakazi 50 au zaidi, maana hapa lingeacha nje karibu kila duara. Kifungu cha 29 cha Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini pia kinawanyima likizo yenye malipo wengi wenye utumishi wa chini ya miezi 6. Kikwazo hicho kisivutwe hadi kwenye likizo isiyo na malipo, kwa kuwa wachimbaji huhama na dhahabu.

Bunge liingize ugonjwa wa mzazi na wa mwenzi katika kifungu cha 34, na siku za ziada zisizo na malipo zidaiwe kwa cheti cha hospitali, bila kuomba ridhaa. Tume ya Madini nayo imtake kila mwenye leseni ahakikishe kila duara lina daftari la zamu, ili aliyekwenda kuuguza akirudi akute jina lake na viroba vyake.